Kilio ya Mupepo

Mu cité ya Elisabethville, pa kona ya lupango, ile kiwanja ya nyumba ya Anaclet, kulikuwa kiti ya murefu, mbao moja ya reli juu ya matofali. Kila asubui banaume bale bale banakuya kuikalia, sawa vile kuko muntu anabalipa juu ya kukaa. Lakini ile wiki haikuwa kukaa ya burebure, ilikuwa kukaa ya kilio. Mbele ya kiti, moto ya kilio inawaka, siku ya kumi na moja sasa. Juu ya moto, birika ya kawa ya Virginie. Nyuma, ndani ya lupango, kibanda ya kulalia bantu ya kilio, na juu ya kibanda malata kumi na mbili, mabati ya mupya, inangaa mpaka jua yenyewe inafunga macho. Moto iko, kawa iko, bantu beko, nyimbo ya kilio inasikilika mpaka ku soko. Kintu moja tu ilikosa. Hakuna muntu alikufa.

Ngoja uelewe. Mupepo ilipita kwa Kalembwe, mugini moja pembeni ya ziwa Mweru, upande ya Kilwa. Ile wakati banamuke banapika bukari, ugali yabo, haikupita hata saa moja, mupepo ilikata nyumba yote bichwa. Bantu balikimbilia mu mihogo, balilala chini, banashikana miguu, na bote baliamuka bazima. Kuku tu njo balipotea. Bengine balionekana ngambo ya ziwa, ku Rhodesia, bila pasiporo. Habari ilifika mu ville na kamyo ya samaki, na Bana ba Mweru, bale balizaliwa kule na banatumika huku, balisema: tuchange, tubajengee.

Anaclet njo Prezida yabo. Karani, na kalamu tatu mu mufuko ya koti, moja njo inaandika. Alivaa kravati, alienda ku biro ya bazungu kulomba karatasi ya kuchangisha. Balimuambia: bantu beusi kukusanyika na kuchanga bila kashe, muhuri ya biro, hapana, rudia kisha miezi mbili. Prezida anatoka, anashuka ngazi, na pa ngazi ya mwisho akili inamuingia. Kilio haiombake karatasi. Polisi akiona kilio anatoshaka kofia, anapita. Basi tufanye kilio ya mupepo, bantu balete bintu, siye tutume kwa Kalembwe.

Na balileta kweli. Bunga, kuku, mafuta, kuni, pombe usiulize. Lakini kila muntu anajua sheria ya kilio: kintu yenye inaingia mu lupango ya kilio haitokake tena. Inapikwa. Basi balipika. Bunga ya Kalembwe ilikuliwa siku tatu. Kuku ya Kalembwe, siku mbili. Pombe ya Kalembwe haikuona asubui. Siku ya ine, mvula ilinyeshea bale benye kulilia bantu ya kunyeshewa, na banaume balisimama na nyundo, balikamata malata yenye ililetwa kwa nyumba ya Kalembwe, baliipiga misumari juu ya bichwa yabo benyewe. Sita mu ile malata ilikuwa ya Virginie. Myaka mbili anauzisha kawa apate kufunika jiko yake. Lakini alisikia mama yake, Mayo Ngosa, analala chini ya bwato, mutumbwi ya kupindua, na malata aliibeba ku kichwa siku ile ile. Sasa inafunika mukoromo ya Floribert, muntu moja ya komite.

Na lelo njo siku. Pierre, mushoferi ya kamyo ya samaki, anarudia Kasenga saa sita, gari haina kintu, na kule mashua ya Kilwa inamungojea. Alisema malata atabeba bure. Kisha lelo mvula kubwa itakula njia, na hakuna gari itapita mpaka mwezi ya tano.

Lakini nani atafungua kibanda? Kibanda ya kilio haifunguliwake kabla kilio iishe. Na kilio inaishaka siku benye kufiwa, jamaa ya mufu benyewe, banamwanga mayi pa moto. Muntu mwingine akizima, kifo inamufuata mpaka kwabo, na inaanzaka na ule wa kuzeeka. Kwa Virginie, ule wa kuzeeka analala chini ya bwato. Njo maana ile asubui Virginie, mwanamuke yenye kicheko yake inasikilika mpaka ku gare ya treni, alikuwa anamwanga kawa mu makopo na kunyamaza.

Virginie: Saa ine inaisha kupiga. Pierre anaenda saa sita. Munaamua nini?

Prezida: Mama Virginie, komite inakaa.

Virginie: Siku kumi na moja inakaa. Minalomba isimame kidogo.

Floribert alicheka mpaka kawa ilimutoka mu pua. Huyu banamuita Kilometa. Myaka makumi mbili na mbili mu reli, na kila kintu anapima na kilometa. Hata bibi yake akikasirika, anakuambia iko na kasirani ya kilometa sita.

Kilometa: Maneno iko mwepesi. Tutafute jamaa ya mufu, bazime moto, kwisha.

Virginie: Mufu gani, Tata?

Kilometa: Njo pale haiko mwepesi.

Wa tatu, Chola, aliweka kopo chini. Yeye banamuita Bulaya. Iko mupishi kwa muzungu, na mu maisha yake hakupita Luano, ile fasi ndege inaondokea, lakini anasemaka maneno ya Bulaya sawa vile njo kule alinyonyeshwa.

Bulaya: Munatafuta mufu mbali. Mufu njo mupepo. Ilikuya, ilifanya nguvu yake, iliisha. Kintu ikiisha, banasema nini? Inakufa.

Kilometa: Mupepo haina mwili.

Bulaya: Na weye uko na mwili, uliitumikisha lini? Sikia. Kwa bazungu mupepo mukubwa iko na jina. Jina ya mwanamuke. Madamu yangu alisoma mu gazeti, pa meza, miye nashika sahani ya supu nyuma yake. Inazaliwa, banaandika jina. Inakufa, banaandika tena.

Prezida alitosha kalamu, ile yenye inaandika.

Prezida: Na yetu, jina gani?

Bulaya: Haina. Tuipatie siye.

Prezida: Tuandike Albertine.

Virginie: Albertine, si njo bibi yako ya kwanza?

Prezida: Aliondosha bintu yote ya nyumba kwa saa moja. Minaona inafanana.

Kicheko ilimupanda Virginie mpaka mu shingo. Aliimeza. Jua ilikuwa inaenda, na kule mu soko bantu ya Pierre balianza kushusha samaki.

Virginie: Bon. Albertine alikufa. Jamaa yake njo nani? Nani azime moto?

Kilometa: Jamaa yake beko ku Sakania.

Bulaya: Nani alikuambia?

Kilometa: Mupepo inatokaka kule chini, inafuata reli. Miye niliiona na macho yangu. Inaingia pa Sakania, inapanda mu vago, inashuka huku. Kilometa mia mbili makumi tano na kitu.

Bulaya: Na tiketi inalipa?

Kilometa: Mupepo ya bazungu njo inalipa, inakaa mu classe ya kwanza, na muto ya kichwa. Mupepo ya bantu beusi inasimama mu vago ya makala. Njo maana ikishuka iko na kasirani.

Prezida: Basi tutume mujumbe ku Sakania. Alete mupepo moja, ya muzee, ya adabu, izime moto mbele ya bantu.

Virginie: Na hiyo mupepo ya adabu, ikifika hapa, itapita juu ya nyumba ya nani?

Bote baliangalia malata ya nyumba ya Prezida. Prezida naye aliiangalia.

Prezida: Tuache maneno ya Sakania. Tena pesa ya tiketi hakuna.

Virginie: Pesa tulichanga.

Prezida: Ilienda ku bitambaa.

Bitambaa ilikuwa pale, kila muntu aliiona. Nyeusi, ya kufunga ku mukono, na uzi mweupe: BANA BA MWERU. Muntu moja ya komite, kitambaa moja. Prezida alikuwa na mbili.

Bulaya: Hata miye nilitaka kuuliza. Ya pili iko ya nini?

Prezida: Ya kwanza ya kilio. Ya pili ya kuwa Prezida.

Virginie alimwanga kawa ingine. Moto ya kawa ilimupata Kilometa ku goti, lakini alishika kopo tu, aliogopa itarudishwa.

Prezida: Sikieni. Komite inaweza kuchagua prezida, inaweza kuchagua karani. Juu ya nini haiwezi kuchagua mufu? Tunapiga kura. Ule anachaguliwa analala mu kibanda, anafunga macho, tunamulilia saa moja ya muzuri, bibi yake anazima moto, anaamuka. Kila kintu na sheria.

Bulaya: Miye nachagua Kilometa. Iko na myaka mingi, na kulala anajua.

Prezida: Na miye. Inafika kura mbili. Tata Floribert, unakubali?

Kilometa alinyoosha muguongo. Kuchaguliwa, hata kwa kifo, hakuwa anazoea.

Kilometa: Mufu anakulaka?

Prezida: Mufu hakulake.

Kilometa: Bengine bakikula, mufu anafanya nini?

Prezida: Ananyamaza.

Kilometa: Basi siwezi. Tena bibi yangu akiniona tu na macho ya kufunga, ataenda kuuzisha baiskeli yangu.

Virginie aliweka birika chini. Hakuiweka na nguvu, lakini bote balishusha makopo.

Virginie: Bababa. Mama yangu analala chini ya bwato. Iko na myaka makumi saba. Bwato inamufunika kichwa na mabega, miguu inabaki inje. Mvula ikinyesha, anaikunja. Akichoka kuikunja, inalowa. Miye nimeleta malata sita hapa, munailala chini yake, na munanifanyia kura ya mufu. Niambieni, niende kuifungua?

Hapa Prezida hakutosha kalamu.

Prezida: Mama Virginie, ukiifungua, hakuna muntu atakushika mukono. Lakini unajua. Sisi hatuogope juu yako, tunaogopa juu yake.

Virginie alijua. Kwa ile, hata pa kiti ile ya uongo, hakuna muntu alimudanganya. Alirudia pa moto, alisukuma kuni moja na muguu, alikaa.

Saa tano inaisha kupita, muntu moja alitoka upande ya soko. Mwembamba, muchanga ya ziwa bado ku suruali, kitunga ya kusuka ku kichwa. Alifika pa moto, aliweka kitunga chini karibu ya mulango ya lupango, alichutama, alipiga makofi kwa heshima, pole pole, vile banafanyaka kule ziwani. Kisha alianza kulia. Kilio ya kweli, ya kutoka mu tumbo. Banaume bote balilia naye, sababu mugeni akilia ku kilio, hauwezi kumuacha alie yeye moja.

Bulaya (mu machozi): Huyu nani?

Kilometa: Sijui. Lia tu.

Mugeni alimaliza, alipangusa uso na mukono.

Mwansa: Pole, bakubwa. Miye Mwansa, natoka kwa Kalembwe. Nilipanda na Pierre. Alituambia pa Kasenga, fasi tunapelekaka samaki: bandugu yenu ku Elisabethville beko mu kilio, siku mingi, moto haizime, bantu banakula mpaka asubui. Tulimuuliza ni nani, hakujua. Basi tulisema, bantu yetu banafiwa, na siye tunakaa tu? Mugini yote tulichanga. Hii njo samaki yenye ilibakia. Iko kidogo. Mutusamehe, kule kwetu mupepo ilipita.

Pa kiti hakuna muntu aliangalia mwenzake. Prezida aliingiza mukono moja chini ya ingine, lakini kwa bitambaa mbili mukono mbili haitoshi kuficha.

Mwansa alifungua kitunga kidogo, alitosha nguo moja ya kukunja, ya zamani, rangi inaisha kuenda.

Mwansa: Na hii njo Mayo Ngosa alituma. Iko na mutoto wake huku, anauzisha kawa. Tangu alisikia, siku ine analia, chakula hapana. Alisema: kama njo mutoto yangu, bamufunike na hii mu sanduku. Njo nguo yake ya kulalia. Ingine hana.

Virginie: Mwansa. Mwansa wa Ba Chomba.

Mwansa aliinua uso. Aliangalia kwanza miguu ya Virginie, kama inakanyaga chini. Ilikuwa inakanyaga. Njo macho yake ilipanda mpaka ku uso.

Mwansa: Virginie. Uko muzima.

Virginie: Niko muzima.

Mwansa: Mungu ashukuriwe. Nitamuambia.

Alipumua murefu, sawa muntu anatua muzigo. Kisha aligeukia kiti, na adabu yake yote, mikono pamoja.

Mwansa: Sasa, bakubwa, minabauliza. Nani alikufa?

Bulaya aliangalia ndani ya kopo, sawa vile jibu inabaki kule chini na unga ya kawa. Prezida alifungua kinywa. Pengine alitaka kusema Albertine. Aliona uso ya Mwansa, alikifunga. Kilometa alianza kuhesabu kintu na bidole, alifika ya tatu, alisimama. Moto ilikuwa inalia yenyewe tu.

Virginie alikamata nguo. Ilinuka moshi, ilinuka samaki, ilinuka mama yake. Aliitia ku bega. Kisha aliinama, aliinua birika.

Prezida: Mama Virginie, hapana. Benye kufiwa tu njo banazimaka.

Virginie: Na hapa nani alifiwa? Weye? Weye ulifiwa na nini, na kuku? Mama yangu anafiwa siku ine. Analia kweli, na njala ya kweli. Alituma nguo ya mufu, vile inafaa. Mufu wake njo miye. Nguo yake njo hii ku bega yangu, na mukono yangu yeye njo aliizaa. Mwenye kufiwa anafika. Sogeza miguu.

Alimwanga birika yote. Moto ilipiga kelele, moshi ilipanda, na avenue yote, mpaka ku soko, ilinuka kawa. Banamuke balitoka ku milango kuangalia. Prezida alingoja kidogo, aone kama muntu ataanguka. Hakuna muntu alianguka.

Bulaya: Na kawa yetu?

Virginie: Ilikuwa kawa ya kilio, Ba Chola. Inaisha na kilio. Toka ku kiti, kamata nyundo. Na weye Prezida, panda. Ile bitambaa ya mukono, toshani yote, tutafungia malata.

Prezida: Hata ya pili?

Virginie: Ya pili njo ya kwanza.

Njo bantu ya avenue baliona kintu balikuwa habajaona: komite inasimama. Prezida alipanda na kravati yake, ilimuingia mu kinywa kila mara mupepo kidogo inapita, na kila mara anaangalia nyuma, na woga. Bulaya anangoa misumari kwa chini, anasema ku Bulaya banakuwaka na mashini ya ile kazi. Kilometa alisema muguongo yake inauma kilometa kumi, atabaki chini, atachunga bintu.

Malata kumi na mbili ilishuka na matundu yake, moja kwa moja. Mwansa aliipanga, aliifunga na bitambaa, BANA BA MWERU inje, bote banasoma.

Virginie: Ambia Mayo azibe matundu na ulimbo, na asilie tena. Ambia niko na mafuta ku mashavu. Kama hasadiki, umuonyeshe hii.

Alifungua kitambaa ya kichwa yake, ile ya mupya ya Noeli, aliikunja pamoja na ile nguo ya zamani, alimupatia Mwansa yote mbili.

Virginie: Na samaki yenu inarudia pamoja na malata. Hatuna mufu, hatukule bya kilio. Letani kitunga.

Aligeuka kuikamata. Kitunga haikuwa fasi Mwansa aliiweka. Ilisogea, urefu ya mukono muzima, upande ya mulango ya lupango, kule kintu ikiingia haitokake. Na nyuma ya kitunga, pole pole, mwenyewe anaangalia mawingu, muguu ya Floribert inasukuma.

Virginie: Kilometa ngapi bado, Tata?

Na pale kicheko yake ya siku kumi na moja ilitoka yote mara moja. Mu soko, Pierre, mukono yake tayari ku manivela ya kuamusha moteri, aliisikia. Alifikiri ni treni, alingoja ipite.